Tarakimu ya Mwisho: Wahusika Wanaotaja Nambari kwa Usahihi wa Kupita Kiasi

Utangulizi

Katika hadithi ya Antoine de Saint-Exupéry kuhusu mwana mdogo wa mfalme, iliyochapishwa mwaka 1943, mtoto anayesafiri kutoka sayari moja hadi nyingine anamkuta mfanyabiashara aliyeinamia hesabu zake. Mfanyabiashara huyu hana hata nafasi ya kuinua kichwa. Jumla anayoifikia ni 501,622,731. Anapoulizwa ni milioni mia tano za kitu gani, jibu haliji upesi, kwa kuwa jina la vitu anavyovihesabu limemtoka. Hatimaye inabainika kuwa ni nyota. Anaeleza pia kwamba kwa miaka 54 aliyoishi katika sayari hiyo amekatizwa kazi mara tatu tu: mara ya kwanza miaka 22 iliyopita, na mdudu, mara ya pili miaka 11 iliyopita, na baridi yabisi, na mara ya tatu ndiyo hii.

Mhusika huyu ana ndugu wengi katika fasihi na filamu za ulimwengu. Ni wahusika ambao, pale mtu wa kawaida angesema "wengi" au "karibu elfu tatu", wao hutaja nambari hadi tarakimu ya mwisho, na pengine wakaongeza desimali. Msomaji hucheka, na aghalabu uhakiki huishia kwenye kicheko hicho. Makala haya yanadai kwamba mbinu hii inastahili kusomwa kwa makini zaidi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana nyenzo ya kuisoma ambayo wasomaji wa matini asilia hawana: upatanisho wa kisarufi.

Chuku isiyokubali kupunguzwa

Jambo la kwanza ni kuipatia mbinu hii mahali pake miongoni mwa tamathali za usemi. Ni rahisi kuiita chuku na kuendelea na mengine. Hata hivyo, chuku ya kawaida hutumia nambari za mkupuo. Mama anayemwambia mwanawe kwamba amemwita mara elfu hatarajii mtoto aulize kama ni elfu kamili. Msemaji na msikilizaji wana mapatano: nambari ile imetiwa chumvi, na msikilizaji ataipunguza mwenyewe hadi ifikie kadiri inayostahili.

Nambari yenye tarakimu za mwisho huyavunja mapatano hayo. Mtu akisema amekuita mara 1,013, msikilizaji hujiuliza kama kweli alikuwa akihesabu. Ishara ya chumvi imeondolewa na mahali pake pamewekwa ishara ya ushahidi. Hapa ndipo kichekesho kinapozaliwa: jambo lisiloweza kuhesabika limevishwa vazi la jambo lililohesabiwa. Hata jina la Alfu Lela Ulela limefaidika na siri hiyo. Usiku elfu ungekuwa wingi tu, lakini ule mmoja uliozidi unamfanya msikilizaji aamini kwamba yuko aliyehesabu. Kumbe hati kongwe ya Kiarabu inayotegemewa na watafiti haifikishi hata usiku 300, na waandishi wa baadaye ndio waliojazia hadithi hadi jina likatoshelezwa. Nambari ilitangulia, vitu vya kuhesabiwa vikafuata.

Nasreddin Hoja, ambaye baadhi ya visa vyake husimuliwa katika Afrika Mashariki kwa jina la Abunuwasi, aliielewa hila hii vizuri. Alipoulizwa na wenye elimu idadi ya nyota za mbinguni, alijibu kwamba ni sawa na idadi ya nywele za punda wake, na asiyeamini na azihesabu. Hoja hakutaja hata tarakimu moja, lakini alifichua kinachompa nguvu kila mtaja-nambari: mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayeshuku.

Katika Ulaya, François Rabelais ndiye aliyeikuza mbinu hii hadi ikawa karamu. Katika Gargantua, kitabu cha mwaka 1534, mtoto jitu anatengewa ng'ombe 17,913 wa kumpatia maziwa. Akiwa mkubwa, anawagharikisha kwa mkojo wake watu 260,418 wa jiji la Paris, bila kuhesabu wanawake na watoto. Nyongeza hiyo ya mwisho ina utani wa kipekee kwa sababu inaiga namna Injili ya Mathayo inavyoihesabu halaiki iliyolishwa mikate. Rabelais anachekesha kwa wingi. Bado hajamdhuru mtu.

Hesabu za Swift

Kwa Jonathan Swift mambo hubadilika. Katika Safari za Gulliver (1726), wanahisabati wa mfalme wa Lilliput wanampima Gulliver kwa vyombo vyao, wanakuta kwamba urefu wake ni mara 12 ya urefu wao, na wanakata shauri kwamba chakula chake kitoshe watu 1,728. Nambari hii si ya kubahatisha: ni 12 mara 12 mara 12, yaani uwiano wa ujazo wa miili. Chapa nyingine zina 1,724, na msomaji mwenye kalamu anaweza kuona mara moja kwamba hesabu hapo haikubali. Kazi chache za kubuni humpa msomaji nafasi ya kumsahihisha mpiga chapa kwa kuzidisha tu.

Linaloshangaza ni kwamba watu wa Lilliput wamekosea pamoja na usahihi wao. Mwaka 1932 Max Kleiber alionyesha kwamba mahitaji ya nishati ya wanyama hayaongezeki sawia na uzito wa mwili, bali kwa kasi ndogo zaidi. Kwa kanuni hiyo, Gulliver angetosheka kwa chakula cha watu wasiofika 300. Kuzidisha kulikuwa sahihi. Kilichokosewa ni dhana iliyotangulia kuzidisha. Ndivyo ilivyo kwa wahusika wengi wa kundi hili. Phileas Fogg wa Jules Verne anamfukuza mtumishi kwa kumletea maji ya kunyolea yenye nyuzi 84 za Fahrenheit badala ya 86, kisha anaizunguka dunia kwa kuelekea mashariki na kukosea siku nzima.

Mwaka 1729 Swift aliandika kijitabu kuhusu watoto wa maskini wa Ireland, na humo mbinu hii ikaacha kuwa mchezo. Msimulizi, ambaye ni mhusika wa kubuni na hapaswi kuchanganywa na mwandishi, anaanza na wanandoa 200,000 wenye uwezo wa kuzaa. Anatoa 30,000 wanaoweza kujilelea watoto, wakabaki 170,000. Anatoa tena 50,000 kwa ajili ya mimba zinazoharibika na watoto wanaokufa kabla ya kutimiza mwaka, wakabaki watoto 120,000. Kati ya hao anapendekeza 20,000 wahifadhiwe kwa uzazi, na 100,000 waliobaki wauzwe kuwa kitoweo. Anajua pia kwamba mtoto huzaliwa na wastani wa ratili 12 na hufika ratili 28 akilishwa vyema kwa mwaka mmoja.

Kila hatua ya kutoa ni sahihi. Hakuna kosa hata moja la hesabu, na msomaji anayefuata hesabu kwa utulivu hujikuta amefika buchani kabla hajajua alipopotea njia. Ikumbukwe kwamba nambari hizi zote ni za mkupuo, tofauti na za Rabelais. Hazijifanyi matokeo ya kuhesabu kichwa kimoja kimoja, bali zinaiga lugha ya waandishi wa uchumi wa zama zile, waliopendekeza sera kwa makadirio. Upuuzi wa usahihi wake haumo katika tarakimu ya mwisho. Umo katika ukamilifu wa mizania. Kuviita vyote viwili chuku ni kufifisha tofauti hiyo. Kwa kijitabu cha 1729 neno linalofaa ni tashtiti.

Mashine na nusu-binadamu

Katika karne ya 20 wajibu huu ulihamia kwa mashine na viumbe wa sayari nyingine. Spock, mhusika wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek, anaulizwa katika kipindi cha mwaka 1967 kuhusu nafasi yao ya kuokoka. Anatangulia kusema kwamba ni vigumu kuwa sahihi, kisha anakadiria 7,824.7 kwa 1 dhidi yao. Desimali hiyo baada ya kuomba radhi kwa kutokuwa sahihi ndiyo utani wote. Roboti C-3PO, katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1980, anamwarifu rubani kwamba wanaoufaulu msitu wa vimondo ni mmoja dhidi ya 3,720, na rubani anamkataza kumtajia nafasi zao tena. Katika visa vyote viwili wahusika huokoka. Masimulizi ya aina hii yana kanuni: nafasi ikishatajwa kwa usahihi, lazima ishindwe. Zaidi ya hayo hayana mengi ya kufundisha.

Msichana nambari ishirini

Kazi iliyolifikisha jambo hili kwenye kina chake ni Hard Times ya Charles Dickens (1854). Darasani mwa Bwana Gradgrind wanafunzi huitwa kwa nambari. Sissy Jupe, binti wa mtumbuizaji wa sarakasi aliyelelewa miongoni mwa farasi, ni msichana nambari ishirini. Anaombwa aeleze maana ya farasi, anashindwa. Mvulana Bitzer anajibu mahali pake: farasi ana meno 40, yaani magego 24, chonge 4 na meno ya mbele 12. Jumla inakubali. Farasi hayumo.

Baadaye Sissy anamsimulia Louisa, binti wa Gradgrind, namna alivyoshindwa masomo. Mwalimu alisema kuna mji wenye wakazi milioni moja, na katika mwaka mzima ni 25 tu waliokufa njaa barabarani. Je, ana maoni gani kuhusu uwiano huo? Sissy alijibu kwamba kwa wale waliokufa njaa uchungu ni ule ule, hata wengine wawe milioni au milioni ya milioni. Akaambiwa amekosea. Akaulizwa tena: watu 100,000 walisafiri baharini, na 500 tu wakafa maji au wakaungua, hiyo ni asilimia ngapi? Jibu la darasani ni nusu ya asilimia moja. Sissy alisema asilimia hiyo si kitu chochote kwa jamaa na marafiki wa waliokufa.

Katika simulizi hiyo Sissy anakosea hata jina la somo lenyewe: badala ya takwimu anatamka neno la Kiingereza lenye maana ya kigugumizi. Mfasiri atakayetumia "kigugumizi" ataipata maana na kuupoteza mlio. Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi na takwimu, nalo ni kwikwi. Kwikwi ni ile inayomshika mtu kooni, na ndiyo pia ya mtu aliaye hadi pumzi ikamkatika. Hata Dickens hakuwa na neno lenye sura mbili kiasi hicho.

Upatanisho wa kisarufi ndio unaoleta nuru zaidi. Katika Kiswahili, moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupokea viambishi vya ngeli ya nomino. Sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabu, hazipokei, kumi haipokei, makumi kuanzia ishirini, pamoja na mia, elfu, laki na milioni, hayapokei kamwe. Kwa hiyo katika nambari kubwa ni tarakimu ya mwisho tu inayoweza kubeba alama ya kile kinachohesabiwa. Wakazi wa mji ule ni watu milioni moja: nambari imesimama peke yake, na ingekuwa vile vile kama wangekuwa mawe. Waliokufa njaa ni watu ishirini na watano. Ubinadamu wao umo katika wa- ya watano. Wazamao na waungua ni mia tano, bila wa-. Na msichana nambari ishirini hana kiambishi pia.

Rabelais akisomwa hivyo, ng'ombe wake ni elfu kumi na saba, mia tisa, kumi na watatu, na waliogharikishwa wanaishia kwa wanane. Nambari ya Spock inaishia katika desimali, mahali ambapo hapana ngeli. Si kanuni ya kutegemewa daima: sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilipata watu 38,610,097 na ya mwaka 2019 ikapata 47,564,296, na kwa sadfa zote mbili zinaishia kwa saba na sita, zisizopatana na nomino yoyote.

Linalobaki ni swali la kiutendaji kwa wafasiri. Mtindo unaokubalika katika machapisho mengi ni kuandika nambari kubwa kwa tarakimu, na katika makala kama haya mtindo huo hauna ubaya. Katika riwaya hali ni nyingine. Anayeandika "watu 25" amemwachia msomaji kazi ya kutamka wa- kimoyomoyo, na asomaye haraka hatatamka. Maneno ya mwalimu yanaweza kuandikwa kwa tarakimu, kwani ndivyo anavyowaona watu wale. Jibu la Sissy liandikwe kwa maneno.