Lebo Ikinyamaza: Kudhibiti Hatari katika Shehena Zinazofuatiliwa kwa Redio

Mahindi yanayotoka Namtumbo au Songea Vijijini kwenda kwenye maghala ya Ruhuwiko, mkoani Ruvuma, hupita mikono mingi: karani wa chama cha msingi cha ushirika, kuli, utingo, dereva, mtunza ghala. Kila makabidhiano ni mahali gunia linapoweza kupotea, na lawama humwangukia aliyesaini mwisho.

Lebo za redio, maarufu kwa kifupi RFID, hupunguza ubishi huo. Lebo isiyo na betri hupata nguvu kutoka kwa mawimbi ya kisomaji, kisha hukijibu kwa kutaja namba yake. Zile za masafa ya megahezi 860 hadi 960 husomeka kutoka mita kadhaa, nyingi kwa mkupuo, bila kupangua shehena.

Kufuatilia shehena kielektroniki si jambo geni kwetu. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hufuatilia shehena za mpito kwa lakiri za kielektroniki, na mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo wa pamoja wa aina hiyo. Lakiri hutumia setilaiti na mtandao wa simu kueleza gari lilipo. Ikifunguliwa njiani, kituo cha ufuatiliaji hupata taarifa.

Lebo haioni kilichomo

Kosa kubwa ni kuiamini lebo kuliko mzigo. Lebo husema lebo iko wapi, basi. Ikibanduliwa na kubandikwa kwenye gunia la pumba, kisomaji kitapokea namba ileile bila wasiwasi. Lebo pia haijui kama mahindi yamelowa.

Maji na chuma pia ni adui wa usomaji. Maji hunyonya mawimbi, chuma huyarudisha. Kampuni ya Walmart ya Marekani, iliyowataka mwaka 2003 wasambazaji wake wakubwa 100 waweke lebo kwenye makatoni ifikapo Januari 2005, ilikumbana na shida hiyo kwenye bidhaa za majimaji na za makopo. Ruvuma, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, turubai lililochanika linaweza kuharibu nafaka na usomaji kwa pamoja.

Mlangoni pa ghala

Chukua mfano wa lori lenye magunia 300. Kisomaji kinahesabu 294. Huenda sita hayakupakiwa. Huenda yamebanwa katikati ya rundo na lebo zake hazisikiki. Mtunza ghala makini hasaini 300 kwa kumwonea dereva haya, wala hatangazi wizi. Anasoma tena wakati wa kushusha, anahesabu kwa macho, kisha anaandika hesabu zote mbili kwenye hati mbele ya dereva.

Kikisoma 306 je? Huenda gari la jirani limeegeshwa karibu mno na lebo zake zimeingia kwenye hesabu. Dawa yake ni kupunguza nguvu ya kisomaji na kuacha nafasi kati ya magari.

Kabla gari halijaondoka

Chama au msafirishaji anayetaka mfumo udumu ajipange kwa mambo haya:

- Kila namba ya lebo iandikwe pamoja na uzito na jina la mwenye mzigo. Bila daftari, namba ni namba tu.
- Mzigo upimwe kwenye mizani unapopakiwa na unaposhushwa.
- Betri za lakiri na visomaji zikaguliwe kabla ya safari, na fomu za karatasi ziwepo umeme ukikatika.
- Mtu mmoja, kwa jina, awe na wajibu wa kupokea tahadhari. Ijulikane pia kimya cha lakiri kikizidi muda gani dereva apigiwe simu, kwani zipo sehemu zisizo na mtandao.
- Anayebandika lebo asiwe ndiye anayehakiki mzigo.

Vyama vinavyoanza vijaribu kwanza njia moja na ghala moja kwa msimu mzima, vikilinganisha usomaji na hesabu ya mikono. Tofauti zitakazojitokeza ndizo zitakazoonyesha kama fedha zaidi ziende kwenye lebo, kwenye mizani au kwenye mafunzo ya makarani.