Kabla Lori Halijafika: Nyumba ya Kiwandani kwenye Ardhi ya Familia, Lodwar na Kakuma

Lori lilifika Lodwar asubuhi na mapema, limetoka Nairobi na nyumba ya kontena ya futi 20 mgongoni: madirisha mawili, mlango mmoja, rangi ya buluu mpaka ndani. Kijana aliyeiagiza alikuwa ameshalipa kila mtu, kiwanda, mwenye lori na mwenye kreni. Lori lilipokata kona kuingia bomani kwao, mama mmoja mzee alitoka kivulini akasimama katikati ya njia. Alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba. Hakupiga kelele. "Mwanangu," alisema, "hapo unapotaka kuweka hicho chuma ndipo ilipokuwa akai, nyumba ya mama yangu. Umepewa na nani?"

Kijana hakuwa na jibu. Kreni inalipiwa kwa saa, na dereva alitaka kurudi Kitale kabla ya giza. Kufikia saa nane mchana kontena lilikuwa limeshushwa kando ya barabara, na lilikaa hapo miezi minne, watoto wakilichora kwa mkaa. Nilikuwepo siku ile. Sikumlaumu shangazi, na hata leo simlaumu. Swali lake lilikuwa swali sahihi, ila lilifaa kuulizwa na kujibiwa kabla shilingi ya kwanza haijatumwa kiwandani.

Nyumba hizi, ziwe za kontena au za paneli, zina faida kubwa Turkana. Saruji, mbao na nondo husafiri mbali kufika huku, na bei hupanda kila kilomita. Nyumba ya paneli hufungwa kwa siku chache ambapo ya mawe ingekula miezi. Kosa linalorudiwa ni kudhani kwamba kwa kuwa nyumba imekuja tayari, ruhusa nayo imekuja tayari. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 haiulizi ukuta ulitengenezwa wapi. Inasema kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi ni uendelezaji, na uendelezaji unahitaji idhini ya serikali ya kaunti. Anayeanza bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili.

Lakini usikimbilie kaunti. Anza nyumbani, na kwanza kabisa ijue ardhi yenu ni ya aina gani, maana wengi husema "ni yetu" bila kujua ni yao kwa njia ipi.

Ikiwa ni ploti ya mjini, huenda karatasi mliyo nayo ni barua ya kugawiwa ploti iliyotolewa enzi za halmashauri ya zamani, na jina lililo juu yake ni la baba au babu. Kama mwenye jina amefariki, ploti hiyo bado ni mali ya marehemu, na Sheria ya Urithi inakataza mtu yeyote kujichukulia mamlaka juu ya mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Nendeni kwa chifu awaandikie barua inayotaja warithi wote, kisha mkaombe usimamizi wa mirathi mahakamani. Hapa pana jambo ambalo wazee wengi wanalijua nusu. Ni kweli kwamba Turkana ni miongoni mwa sehemu ambazo sheria hiyo iliachia mila ziamue urithi wa ardhi ya kilimo na mifugo pale marehemu alipokufa bila wosia. Ploti ya makazi mjini haimo humo. Ndugu akikwambia "mila inatosha," mjibu kwa upole kwamba kwa mbuzi inatosha, kwa ploti haitoshi.

Ikiwa ardhi iko nje ya mji, karibu hakika ni ardhi ya jamii. Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zinasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii, na kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Jamii ikishajisajili, inachagua kamati ya watu 7 hadi 15, na mkutano wa wanajamii unaweza kumpa mwenzao sehemu ya kutumia peke yake kwa muda watakaokubaliana. Haki hiyo haiwezi kuizidi hati ya jamii. Kwa hiyo anayekuuzia kipande cha ardhi ya jamii njiani kuelekea Lokichar au Kalobeyei kwa karatasi iliyopigwa mhuri wa duka hajakuuzia kitu.

Sasa kikao. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Watu huita wanaume wa familia, wakakubaliana, wakatawanyika. Halafu anatokea aliyeachwa. Katika boma la Turkana kila mke ana nyumba yake na watoto wake, na kila upande una kumbukumbu yake ya nani alikaa wapi. Waite wote: wajane, dada walioolewa, kaka aliye Nairobi kwa simu, na mke wako mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii hairuhusu mwanamke kubaguliwa, na anayeolewa ndani ya jamii anakuwa mwanajamii. Lakini hata sheria isingesema hivyo, ningekushauri vilevile, kwa sababu wanaoijua ardhi ya boma hatua kwa hatua ni akina mama. Wao ndio waliozijenga akai, ndio wanaojua kaburi la mtoto lililokosa alama liko wapi, na ndio wanaojua maji ya mvua hupita upande gani.

Msiamue mkiwa mmekaa. Simameni, mtembee mpaka mahali penyewe. Kama mko ukingoni mwa mto Turkwel, tazameni miti kabla ya kutazama ardhi. Kwa desturi ya Waturkana sehemu za msitu wa mtoni huwa ekwar ya familia fulani, yaani wao ndio wenye haki ya kutumia miti ya hapo, hasa migunga ambayo maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Familia hiyo inaweza kuwa imehamia malishoni mwaka mzima na haki yake bado iko palepale. Ukikata mgunga mmoja ili kreni ipite, umegusa chakula cha mifugo ya mtu, na kesi yake haitaishia kwa chifu.

Kisha andikeni. Karatasi moja ya daftari inatosha ikiwa na mambo yanayohitajika: tarehe, majina na nambari za vitambulisho, mchoro wa boma wenye vipimo kwa hatua au mita, na saini au alama ya kidole ya kila mtu mzima. Iseme wazi kwamba ardhi ni ya wote na nyumba ni ya fulani. Sentensi hiyo ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu kisheria kitu kilichoshikamana na ardhi huweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi. Andikeni kwamba nyumba imekaa juu ya matofali au nguzo na mwenyewe anaweza kuihamisha. Andikeni pia kama ana ruhusa ya kuipangisha, atakayeirithi akifa, choo kitakuwa wapi, na maji yatatoka bomba la nani. Kupangisha ndiko kunakoleta ugomvi mkubwa kuliko yote. Ndugu hukubali mwenzao alale hapo, lakini mpangaji mgeni akianza kulipa kodi kila mwezi, kila mtu hukumbuka kwamba ardhi ni ya wote. Lizungumzeni siku hiyo hiyo, hata kama leo hufikirii kupangisha.

Mpelekeeni chifu nakala aigonge mhuri. Mhuri huo ni ushahidi kwamba kikao kilifanyika na wahusika wanajulikana. Chifu hatoi kibali cha ujenzi, na mwakilishi wa wadi hatoi pia, hata kama ni binamu yako.

Ofisi ya mipango ya kaunti iko Lodwar. Pitia mara ya kwanza mikono mitupu, uulize ada ni kiasi gani, fomu ni ipi, na kama mahali penu pameangukia kwenye barabara iliyopangwa au eneo la umma. Mara ya pili peleka ushahidi wa haki ya ardhi (barua ya ploti au kumbukumbu za kikao pamoja na barua ya chifu), ramani ya mahali, na michoro ya nyumba. Michoro ndiyo inayokwamisha nyumba za kiwandani. Kiwanda hukupa picha nzuri ya rangi na orodha ya bei, na ofisi haiwezi kuidhinisha picha. Inataka mchoro wa msanifu majengo na hesabu za mhandisi waliosajiliwa Kenya, vyote vikiwa na saini na mhuri. Waulize wauzaji swali hili kabla ya malipo: "Mtanipa michoro iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa?" Anayejiumauma, achana naye. Uliza kaunti vilevile kama ujenzi wako unatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Ukiwasilisha maombi, hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Sheria inasema ukikaa siku 60 bila jibu la maandishi, idhini inahesabiwa kuwa imetolewa. Bila tarehe ile huna cha kuhesabia. Hata siku hizo zikipita, andika barua ya kuikumbusha ofisi kabla ya kuita kreni. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache kwa mtu anayeishi Kakuma, zaidi ya kilomita 100 kutoka Lodwar, kwa hiyo acha nambari ya simu inayopatikana.

Afisa wa afya ya umma atauliza choo. Afisa wa mipango atauliza maji ya mvua, na ana haki ya kuuliza. Laga, yaani mto wa msimu, ya Kawalase pale Lodwar na Tarach pale Kakuma huonekana kama barabara za mchanga kwa miezi, kisha mvua ikinyesha milimani maji hushuka chini ya anga isiyo na wingu. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa zaidi ya tani 2, na bado mafuriko huondoka nalo. Kanuni za Kenya zinatenga ukingo wa mto kati ya mita 6 na 30. Hapa kwetu chukua zile 30, kisha muulize mzee aliyekulia hapo maji ya juu kabisa yalifika wapi.

Kuhusu joto, usingoje kuulizwa. Lodwar mchana hufika nyuzi 35 na kuzidi karibu mwaka mzima. Ingia kwenye kontena lisilo na kinga saa nane, weka kiganja ukutani, utakiondoa mara moja. Onyesha kwenye michoro kinga ya joto ndani ya kuta na paa la pili lililoinuliwa juu ya lile la chuma ili hewa ipite katikati. Paa hilo la pili linaweza kuwa la majani ya mkoma, kazi ambayo akina mama wa hapa wanaijua kuliko fundi yeyote. Upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi. Na ifungwe chini kwa minyororo au nanga za zege, maana upepo wa mashariki huku hauna mzaha na paneli nyepesi.

Kakuma ina suala lake. Ndani ya kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na katika makazi ya Kalobeyei, mkimbizi hukaa kwenye nafasi aliyogawiwa, hana umiliki wa ardhi. Kuweka au kubadilisha nyumba hapo huanzia kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi na UNHCR, wala si kwa jirani aliyekuachia uwanja. Katiba inamruhusu asiye raia kupangishwa ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Familia ya wenyeji inayotaka kumpangishia mfanyabiashara au shirika uwanja wa kuweka makontena ikumbuke kwamba makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi ya jamii yanahitaji theluthi mbili ya mkutano wa jamii. Saini ya mzee mmoja haitoshi, awe anaheshimika vipi. UN-Habitat ilipomwita mbunifu wa Kijapani Shigeru Ban mwaka 2017 kubuni nyumba za Kalobeyei, alisisitiza vifaa vinavyopatikana papo hapo na ujenzi usiohitaji fundi wa kutoka mbali. Mnunuzi wa paneli naye ajiulize: ukuta mmoja ukitoboka, nani Kakuma atauziba, na kwa kitu gani?

Yule kijana alirudi kwenye kikao. Kilichukua siku mbili na mbuzi mmoja. Kontena lilisogezwa hatua kumi na mbili kutoka mahali alipopataka mwanzo, mlango ukageuzwa usitazame kaburi lililo bomani, na karatasi ikasainiwa na watu kumi na mmoja, shangazi akiwa wa kwanza. Kreni aliilipia mara ya pili.

Kwa hiyo pesa zako zifuate mpangilio huu: nauli za kikao na mbuzi, kisha michoro, kisha ada ya kaunti, kisha malipo ya kwanza ya kiwanda, na kreni mwisho kabisa. Siku moja kabla ya lori, pigilia vigingi vinne penye kona za nyumba, zungushia kamba, na upime njia yote kutoka barabarani: nyaya za umeme, matawi, na mchanga unaoweza kuzamisha magurudumu. Ita wale waliosaini waizunguke kamba hiyo kwa miguu. Kama kuna mwenye neno, atalisema akiwa hapo, na kigingi kinang'oka kwa mkono mmoja.