Daku ya Mtu Mmoja

Jua likishatua katika Ramadhani, futari haiwi shida Kipungani, kisiwani Lamu. Watoto hupishana vichochoroni na sahani za mbaazi za nazi, mkate wa sinia na kaimati, na si ajabu nyumba moja ikapokea mbaazi kutoka kwa jirani watatu kwa jioni moja. Shida ni daku. Bibi anayekaa peke yake, macho yamefifia, wanawe wako Mombasa au Ghuba, haamki saa tisa za usiku kuwasha jiko kwa ajili ya tumbo moja. Hula tende mbili, akashushia maji, kisha akafunga. Basi anayetaka kuwaangalia jirani mwezi huu na aanze na daku.

Peleka chakula baada ya tarawehe, kabla hajalala, na uchague kitakachofika alfajiri kikiwa salama. Vilivyopikwa kwa tui huchacha usiku wa joto; mpelekee mkate au chapati, samaki wa kukaanga, na uji ndani ya chupa ya chai. Asiye na meno sambusa haimfai, na mwenye sukari kaimati zitamdhuru. Muulize anachokula. Na huyo ambaye maradhi au uzee umemzuia kufunga, usimsahau mchana: wengi huona haya kupika wenzao wakiwa na saumu, wakashinda na njaa bila thawabu ya funga.

Orodha ya wenye haja isiandikwe msikitini peke yake. Kamati ya msikiti humjua anayeomba. Asiyeomba hujulikana na wanawake wa mtaa wake na mwenye duka. Muulize mwenye duka, kwa siri, ni nani aliyekuwa akikopa unga na sasa haonekani. Aliyeacha kukopa bila kulipa pengine ana njaa kuliko anayekopa kila siku. Majina yakishapatikana, yakae kwenye daftari la mtu mmoja mwenye kifua. Yasisomwe kwenye kipaza sauti, na wala pasiwe na picha. Najua wafadhili wa nje hupenda picha ya mzee ameshika pakiti ya unga. Wapewe hesabu ya magunia, inawatosha.

Wako pia ambao hawaji akilini haraka. Mjane aliye edani, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, hutembelewa sana juma la kwanza kisha watu hutawanyika. Mvuvi asiye na chombo, kijana mwenye nguvu anayelipwa kwa fungu, chombo kisipotoka naye hana kitu, lakini hakuna anayemhesabu kwa kuwa ana misuli. Na mwalimu wa kutoka bara, Mkristo, aliyepanga chumba peke yake, jamaa zake wako mbali na jioni haalikwi popote. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, zakatul-fitri ni ya Waislamu, lakini sadaka na sahani ya jirani hazina mpaka huo. Mtume alimuusia Abu Dharr aongeze maji kwenye mchuzi wake awaangalie jirani. Hakumwambia awaulize dini kwanza.

Sasa lipo jambo la adabu, nalo ndilo linaloharibu wema wa wengi. Pwani sahani hairudi tupu. Ukimpelekea wali fukara kila jioni, kila jioni unamwachia deni la sahani, na atakayeshindwa kulilipa ataanza kukukwepa. Njia ni mbili. Mpelekee katika chombo asichotakiwa kurudisha. Au, na hii naipenda zaidi, pokea atakachokupa, hata kama ni ndimu mbili au kipande cha ukili, na ukitumie mbele ya macho yake. Kumkatalia kwa kusema "Aa bibi, baki nacho, wewe huna" ni kumtangazia ufukara wake mlangoni.

Hiki ni kijiji cha wasusi, na hilo ni mtaji. Kwanza, funika sinia kwa kawa, ipite njiani pasijulikane kilichomo wala kiendako. Pili, mnunulie kazi yake. Mama anayesuka miyaa akipewa oda ya mkeka kwa bei ya haki, na nusu ya fedha mbele, hakupewa sadaka, na watoto wake watakula vilevile. Tatu, upweke hautibiwi kwa chakula. Anayefika, akaweka sahani na kukimbia, amelisha tumbo tu. Chukua ukili wako mwenyewe, piga hodi baada ya alasiri, sema, "Shangazi, nimekuja kusuka kwako, kwetu watoto wananipigia kelele." Mikono ikiwa kazini hakuna anayelazimika kuzungumza, na ndipo maneno hutoka. Usimhoji. Rudi juma lijalo siku ileile, maana mpweke akishakuzoea huanza kukungoja.

Kwa mzee wa miaka 70 na zaidi, ziara hiyo iwe na swali moja la ofisini: je, anapokea shilingi 2,000 za mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii? Kama hapokei, kijana mmoja aandamane naye na kitambulisho hadi kwa chifu.

Zakatul-fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, takriban kilo mbili na nusu za mchele. Nyumba ya watu sita ni kilo 15. Nyumba kadhaa zikichanganya fedha zinanunua magunia kwa bei ya jumla mjini Lamu. Kipungani iko pembeni kusini-magharibi mwa kisiwa na hakuna lori litakaloshusha mzigo mlangoni, kwa hiyo panga chombo kwa kufuata maji, na gunia lifike kabla ya kumi la mwisho. Shafi wanaruhusu kutoa tangu Ramadhani inapoingia. Ukimfikishia mjane mchele siku nne kabla, atapanga Idi yake. Ukimfikishia alfajiri ya Idi, atapika nini na saa ngapi?

Fitri haihifadhiwi, inatakiwa itoke kabla ya sala ya Idi. Sadaka inahifadhika, na hapa nina ugomvi na mazoea yetu. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2015 iliingia tarehe 18 Juni, katikati ya kusi, bahari imechafuka na vyombo viko pwani; njaa na ukarimu vilikutana. Mwaka 2026 imeangukia Februari, wakati wa kaskazi. Tunatoa kwa wingi wakati samaki wapo, halafu Juni na Julai mikono imefungwa. Kamati itenge sehemu ya sadaka za mwezi huu, na watoaji waambiwe tangu mwanzo kwamba ni za kusi. Fedha ziwe kwa watu watatu, angalau mmoja mwanamke, na hesabu isomwe bila majina ya wapokeaji. Mchele ununuliwe Mei, kabla bahari haijachafuka sana.