Nywila Zako na Matangazo Yasiyoalikwa: Somo la Kutunza Kivinjari

Kivinjari ni programu inayomwezesha mtumiaji kufungua tovuti katika simu au kompyuta. Chrome, Firefox, Edge, Safari na Opera Mini ni miongoni mwa vivinjari vinavyofahamika zaidi. Kupitia kivinjari mwananchi huomba ajira, mkopo wa elimu ya juu, leseni ya biashara na namba ya mlipakodi. Kila huduma hudai akaunti, na kila akaunti hudai nywila, ambayo katika baadhi ya simu huitwa nenosiri.

Somo hili linahusu mambo mawili ambayo wengi huyaona kuwa hayana uhusiano: utunzaji wa nywila zilizotawanyika katika vivinjari mbalimbali, na matangazo yanayojitokeza kwenye kivinjari bila kuitwa. Baada ya kulisoma, mtumiaji ataweza kujua nywila zake zimehifadhiwa wapi, kuziweka mahali pamoja palipo salama, na kuondoa chanzo cha matangazo hayo kwa mpangilio unaofaa.

1. Nywila hukaa wapi?

Unapoandika nywila kwa mara ya kwanza, kivinjari huuliza kama ungependa kiihifadhi. Watumiaji wengi hukubali bila kusoma. Tangu hapo nywila hiyo hukaa ndani ya kivinjari hicho. Iwapo umeingia katika kivinjari kwa akaunti yako na kukubali taarifa zisawazishwe, nywila hiyo huonekana pia katika kila kifaa kingine ulichoingia kwa akaunti hiyo.

Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja huweza kuwa na nywila ya barua pepe katika simu, ya maombi ya mkopo katika kompyuta ya ofisini, na ya benki katika kompyuta ya nyumbani. Akiibadilisha katika kivinjari kimoja, vingine hubaki na ile ya zamani. Siku ya mwisho ya kutuma maombi huambiwa nywila si sahihi. Hujaribu tena na tena mpaka akaunti inafungwa.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kompyuta za watu wengi, hasa za steshenari. Chukua mfano wa mwombaji wa mkopo anayefungua barua pepe yake katika kompyuta ya dukani. Kivinjari kinauliza kama kihifadhi nywila, na mhudumu, kwa nia njema ya kuharakisha kazi, anabonyeza kitufe cha kukubali. Mwombaji anatoka kwenye akaunti, analipia karatasi zake na kuondoka akiamini mambo yamekwisha. Lakini kutoka kwenye akaunti hakufuti nywila iliyokwisha kuhifadhiwa. Mteja anayefuata akifungua ukurasa ule ule, jina na nywila huweza kujaa vyenyewe. Anayeishika barua pepe huweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote zilizosajiliwa kwa barua pepe hiyo.

Kwa hiyo, ukilazimika kutumia kompyuta ya watu wengi, omba kufunguliwa dirisha la hali fiche au la mgeni, andika nywila kwa mkono wako, kataa ombi la kuhifadhi, na funga dirisha lote umalizapo. Hali fiche haizuii programu ya kijasusi iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Hivyo usifungue akaunti ya benki mahali kama hapo. Iwapo nywila yako imekwisha kuachwa katika kompyuta ya aina hiyo, dawa ya uhakika ni kuibadilisha ukiwa kwenye kifaa chako.

2. Kukusanya nywila mahali pamoja

Chagua ghala moja tu la nywila. Linaweza kuwa la kivinjari unachokitumia zaidi, au programu maalumu ya kutunza nywila. Kisha fuata hatua hizi:

(a) Fungua kila kivinjari ulicho nacho, ingia katika mipangilio, na utafute sehemu ya nywila. Utaona orodha ya tovuti na majina ya watumiaji. Futa akaunti ambazo hazipo tena.

(b) Hamishia nywila katika ghala ulilochagua. Zikiwa chache, ziandike moja moja. Zikiwa nyingi, vivinjari vya kompyuta huweza kuzitoa zote katika faili moja. Tahadhari: faili hilo halijafungwa kwa siri yoyote, na yeyote atakayelifungua atasoma kila nywila. Usilitume kwa barua pepe wala kwa WhatsApp. Likishaingizwa katika ghala, lifute, kisha ulifute pia katika pipa la taka la kompyuta.

(c) Katika vivinjari vingine, futa nywila zilizobaki na uzime kipengele cha kuuliza kuhifadhi.

(d) Rekebisha nywila zinazofanana. Nywila moja ikitumika katika akaunti kumi, kuvuja kwa tovuti moja ni kuvuja kwa zote. Ghala lina uwezo wa kutunga nywila ndefu isiyokisika kwa kila akaunti; huhitaji kuikariri.

(e) Nywila unazopaswa kukariri ni ya barua pepe na ya ghala lenyewe. Unganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, badala ya jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Urefu husaidia zaidi kuliko alama ngumu zinazosahaulika.

(f) Washa uthibitishaji wa hatua mbili katika barua pepe, na hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa humo ungali unaitumia. Laini iliyoachwa muda mrefu huweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine.

(g) Funga simu na kompyuta kwa namba ya siri au alama ya kidole. Ghala lililo ndani ya kifaa kisichofungwa ni sanduku lisilo na kufuli.

Ghala la nywila lina faida nyingine isiyojulikana na wengi. Hujaza nywila katika anwani halisi ya tovuti pekee. Ukifika katika ukurasa unaofanana na wa benki yako na nywila isijae, simama na uisome anwani herufi kwa herufi kabla ya kuandika chochote.

Namba ya siri ya huduma ya fedha kwa simu haihifadhiwi katika kivinjari kwa hali yoyote.

3. Matangazo yasiyoalikwa yanatoka wapi?

Tovuti nyingi huonyesha matangazo, na hilo si kosa. Tatizo ni matangazo yanayojitokeza hata katika tovuti zisizo na matangazo, ukurasa wa mwanzo unaobadilika wenyewe, au utafutaji unaopelekwa katika tovuti usiyoijua. Vyanzo vyake vikuu ni vitatu.

Arifa. Ukurasa hukuambia ubonyeze kitufe cha kuruhusu ili kuthibitisha kuwa wewe si roboti, au ili video ianze. Kwa kubonyeza, umeipa tovuti hiyo ruhusa ya kukutumia ujumbe hata ukiwa umeifunga. Mara nyingi ujumbe huo hudai kuwa simu yako ina virusi. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya tovuti, kufungua sehemu ya arifa, na kuondoa kila tovuti usiyoitambua.

Viendelezi. Hivi ni vijiprogramu vinavyoongezwa ndani ya kivinjari, mathalani vya kupakua video au kubadili mafaili. Fungua orodha ya viendelezi na uondoe kila ambacho hukukiweka au hukitumii.

Programu za kifaa. Ukipakua programu ya bure kutoka tovuti isiyo rasmi, huweza kuja na nyingine iliyofichwa ndani yake. Katika simu, dalili yake ni tangazo linalofunika skrini hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Kagua orodha ya programu na uondoe zilizoingia karibu na siku tatizo lilipoanza.

4. Kwa nini matangazo ni tishio kwa nywila?

Baadhi ya watumiaji huvumilia matangazo hayo kwa kuyaona kama kero tu. Lakini programu inayopachika tangazo ndani ya ukurasa unaousoma ni lazima iweze kuufikia ukurasa huo. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadili taarifa katika tovuti zote huweza pia kusoma nywila unayoiandika.

Mfano upo. Mwaka 2015 ilibainika kuwa baadhi ya kompyuta za mapajani za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iliyotengenezwa na kampuni ya Superfish. Ili kuonyesha matangazo ya bidhaa, programu hiyo ilijiweka katikati ya kivinjari na tovuti, zikiwamo zenye alama ya kufuli, na kuwaweka wateja katika hatari ya kusomwa taarifa zao na wahalifu. Mwezi Septemba 2017 Lenovo ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani pamoja na majimbo 32 ya nchi hiyo, na ilikubali kuyalipa majimbo hayo dola milioni 3.5.

5. Safisha kwanza, badilisha nywila baadaye

Mpangilio wa hatua ni muhimu. Ukibadilisha nywila ukiwa katika kivinjari kilichoathirika, nywila mpya nayo huweza kusomwa. Kwa hiyo:

Kwanza, ondoa ruhusa za arifa, viendelezi na programu zenye shaka. Pili, rejesha mipangilio ya kivinjari katika hali yake ya awali. Katika Chrome hatua hii haifuti nywila wala kurasa ulizoziwekea alama. Tatu, sasisha kivinjari na mfumo wa kifaa. Nne, badilisha nywila, ukianza na ya barua pepe, kisha za benki na huduma za Serikali. Tano, ondoa katika akaunti yako vifaa vyote usivyovitambua.

Iwapo kiendelezi hakiondoleki au kinarudi baada ya kuondolewa, huenda kuna programu ndani ya kompyuta inayokirudisha. Mpelekee fundi unayemwamini, lakini toka kwenye akaunti zako kwanza, na usimwandikie nywila kwenye karatasi.

6. Haki na wajibu wako

Kuingia katika akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ukiingiliwa, tunza picha za skrini na tarehe, ijulishe benki au mtoa huduma mara moja, kisha toa taarifa kituo cha Polisi. Ujumbe wa simu wenye dalili za utapeli utume kwenda namba 15040. Taasisi iliyotumia vibaya taarifa zako hulalamikiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2022.

Maswali ya kujipima

1. Nywila yako ya barua pepe imehifadhiwa katika vivinjari vingapi, na vifaa hivyo ni vya nani?
2. Namba ya simu iliyosajiliwa katika barua pepe yako ingali mikononi mwako?
3. Ni tovuti zipi ulizozipa ruhusa ya kukutumia arifa?
4. Kwa nini haifai kubadilisha nywila kabla ya kusafisha kivinjari?

Usipoweza kujibu swali la kwanza kwa uhakika, anza nalo leo.