Mawe Ndani ya Chuma

Mtu atokaye Ruaha katika wilaya ya Kilosa, akipita Mikumi, Iringa na Mbeya, hufika Mbozi. Huko liko pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani, nalo huitwa Kimondo cha Mbozi. Wenyeji walilijua tangu zamani. Habari zake ziliwafikia wataalamu wa mbali mwaka 1930. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Katika mafungu 100 ya pande hilo, 90 hivi ni chuma, na karibu 9 ni nikeli.

Lakini si chuma kitupu. Wataalamu waliochunguza vipande vyake waliona ndani chembe za mawe. Tena, katika vimondo vingi vya chuma mna madoa ya troilaiti, yaani chuma kilichoungana na kiberiti. Je, vitu hivi viliingiaje?

Miaka ipatayo milioni 4,500 iliyopita, sayari ndogo nyingi zililizunguka jua. Ndani ya baadhi yake joto lilikuwa kali hata chuma na mawe vikayeyuka. Chuma, kwa uzito wake, kilizama. Mawe, kwa wepesi wake, yakaelea juu. Kisha chuma kikapoa polepole.

Kiberiti hukaa katika chuma kilichoyeyuka, lakini chuma kigandapo hukitoa. Mfano wake huonekana katika viwanda vya sukari vya Kilombero, jirani na Ruaha: chembe za sukari zigandapo, molasi nyeusi husalia katikati yake. Vivyo hivyo majimaji yenye kiberiti yalisalia katikati ya chuma kigumu. Nayo yalipoganda yakawa madoa ya troilaiti.

Mawe yana habari nyingine, maana yangalipata nafasi yangalielea yote. Wataalamu hufikiri kwamba sayari ziligongana, chuma cha majimaji kikachanganyika na mawe, kikaganda kabla mawe hayajapata kujitenga.

Dunia yetu nayo ina moyo wa chuma, kilometa 2,900 hivi chini ya nchi, wala hakuna mtu aliyefika huko. Basi chembe hizo si takataka. Ni mashahidi wa mambo yaliyotendeka mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kuona.

MASWALI
1. Kwa nini chuma kilizama na mawe yakaelea?
2. Eleza jinsi madoa ya troilaiti yalivyofanyika.
3. Chembe za mawe zilinaswaje ndani ya chuma?