Likizo ya Mfanyakazi ni Haki, Si Hisani

Ndugu zetu, katika miji yetu ya pwani wako matajiri wa maduka na wenye nyumba wadhanio ya kwamba kumpa mfanyakazi likizo, na huku mshahara wake ukienda, ni ukarimu: wapendapo hutoa, wasipopenda huzuia. Somo letu la leo ni kuipima dhana hiyo.

Yatupasa kwanza tujue asili ya ujira. Ujira ni malipo ya mapatano, na Surat-ul-Maida yaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mapatano yao. Na katika Surat-ul-Qasas, yule mzee aliyemwajiri Nabii Musa alimtajia muda wa miaka 8, akaiacha miwili ya kukamilisha kumi katika hiari ya Musa mwenyewe, tena akasema hataki kumtaabisha. Hapa twapata mafunzo mawili: kazi iwe na mpaka ujulikanao, na lililozidi mpaka lisitwaliwe kwa nguvu.

Ama katika Kenya, mpaka umewekwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Mfanyakazi akitimiza miezi 12 mfululizo, ana likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Mwanamke aliyejifungua ana miezi 3, na mwanamume aliyepata mtoto ana wiki 2, nao pia kwa mshahara kamili. Mgonjwa aliyekwisha tumika miezi 2, akileta cheti cha daktari, ana siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara katika mwaka. Wanazuoni wa fikihi wamesema ya kwamba lijulikanalo kwa ada ni kama lililoshurutishwa. Basi sembuse lililoandikwa katika sheria?

Huenda mtu akasema: "Kijana wangu aliugua siku tano, nimezikata katika likizo yake." Hilo si sawa, kwani ugonjwa una hesabu yake mbali. Mwingine atasema: "Yaya wangu ameondoka kabla ya mwaka, hana kitu." Huyo naye, akiwa ametumika miezi 2 au zaidi, huhesabiwa siku 1 na robo tatu kwa kila mwezi uliotimia, aliyetumika miezi 8 ana siku 14.

Wala tajiri hakufungwa mikono. Aweza kuigawanya likizo kwa ridhaa ya mfanyakazi, maadamu sehemu moja haipungui wiki 2 zisizokatizwa. Na mfanyakazi naye yampasa aitunze amana ya kazi siku zote nyingine.

Basi kila mmoja wetu na aifungue daftari yake leo. Akiona siku za mtu alizozizuia, ajue ya kwamba hiyo ni deni, na deni hulipwa kabla ya kutoa sadaka. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.