UMEME NA MAINI: TUOGOPE NINI?



Siku moja fundi wa umeme alifika kwenye dispanseri. Macho yake yalikuwa ya manjano, mkojo wake mweusi kama chai. Akaniambia: «Mganga, miaka 15 niko karibu na transfoma. Umeme umekula maini yangu.» Mke wake alitaka aache kazi. Basi, tujifunze jambo hili pamoja.

Mahali umeme unapopita, panazunguka nguvu zisizoonekana kwa macho: nguvu ya umeme na nguvu ya sumaku. Mashini za Nzilo, kwenye mto Lualaba, zinatoa umeme wa hertzi 50, maana yake unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja. Waya mkubwa wa Inga, uliofika Kolwezi mwaka 1982 baada ya kilometa 1.700 hivi, unaleta umeme usiogeuka. Sumaku yake ni ya namna moja na ile ya dunia inayovuta sindano ya dira.

Je, nguvu hizo zinaharibu maini? Haziwezi kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya eksirei. Zikiwa kali sana, zinashtua mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mwaka 2010 wataalamu wa dunia waliweka mpaka: mikrotesla 1.000 kwa mfanyakazi, 200 kwa watu wengine. Tena, ukirudi nyuma hatua chache tu, nguvu inapungua upesi.

Mwaka 2002 wataalamu wa kansa waliiweka sumaku hiyo kati ya vitu ambavyo labda vinaweza kuleta kansa. Lakini sababu ilikuwa kansa ya damu ya watoto, si ya maini. Panya walipojaribiwa, wengine walionyesha mabadiliko madogo, wengine hapana. Mpaka leo hakuna uthibitisho kwamba sumaku ya kazini inagonjesha maini ya mtu.

Na fundi wetu? Tulipima damu yake: virusi vya hepatiti B. Alikuwa amepoteza miezi mitatu akiogopa waya, na mke na watoto hawajapimwa. Angeacha kazi, ugonjwa ungebaki naye nyumbani.

Maadui wa kweli wa maini ni hawa:

1. Hepatiti B. Inapita kwa damu, kwa tendo la ndoa, kwa sindano au wembe wa watu wawili, na toka mama kwa mtoto anapozaliwa. Chanjo iko.

2. Pombe nyingi, na zaidi lutuku.

3. Mahindi na kalanga zenye ukungu. Sumu yake haiishi hata ukipika bukari vizuri.

4. Dawa za maumivu kupita kipimo, kama paracetamol.

5. Mafuta ya transfoma za zamani. Mengine yana sumu iitwayo PCB, ambayo mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unataka iondolewe. Inapita katika ngozi na kukaa katika maini na mafuta ya mwili. Vaa glavu. Usinawe nayo, usiyapake kwenye kidonda, usiyapeleke jikoni hata kidogo.

Umeme wenyewe unaua kwa kuguswa. Kata, funga, pima, unganisha na udongo, ndipo ushike waya.

Macho yakiwa ya manjano, usingoje. Njoo upimwe, na uje na jamaa yako.